Maisha ya Daktari Albert Cook wa Mengo



Mtu akiugua ghafla katika nyumba zetu, mara nyingi swali la kwanza ni nani amemfanyia hivi. Kwa swali hilo jirani wamegombana, na wazee wasio na hatia wametajwa. Mwezi huu tumkumbuke Mwanglikana mwenzetu aliyetumia maisha yake kuuliza swali jingine: ni kitu gani kilichomwuguza?

Albert Cook alizaliwa London mwaka 1870, akasoma Cambridge, kisha akajifunza udaktari. Mwaka 1896 chama cha misioni cha CMS kilimtuma Uganda. Reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, kwa hiyo msafara wao ulikwenda kwa miguu kutoka pwani, ukafika Mengo Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi, Bibi Katharine Timpson, aliyekuja kuwa mkewe mwaka 1900. Mwaka ule ule wa kufika alifungua hospitali ndogo. Kubwa zaidi iliyofuata iliteketea kwa moto wa radi mwaka 1902. Hakurudi kwao; hospitali nyingine ikajengwa.

Daktari Cook alikuwa na desturi moja iliyoleta faida kubwa. Aliandika habari za kila mgonjwa: ametoka wapi, anaumwa nini, amepewa dawa gani, na mwisho wake umekuwaje.

Mwaka 1901 yeye na ndugu yake, Daktari Jack Cook, walipokea wagonjwa wa namna ya ajabu. Walikuwa na homa, wakikonda, wakisinzia mchana kutwa, na hatimaye wakifa. Ulikuwa ugonjwa wa malale. Watu walikufa kwa wingi kando ya Ziwa Victoria. Inakadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 walipotea katika miaka iliyofuata.

Ndugu hao walipima damu kwa darubini, wakaona vijinyoo vidogo. Wataalamu wengine wa Ulaya walidhani hivyo ndivyo chanzo. Walikosea, kwa maana vijinyoo hivyo vilikuwamo pia katika damu ya watu wasio na malale. Mwaka 1903, huko Entebbe, Castellani na Bruce walitambua mdudu mwenyewe katika maji ya uti wa mgongo, na ikajulikana kuwa anaenezwa na mbung'o. Baada ya hapo Serikali iliwahamisha watu kutoka ufukoni penye mbung'o. Hakuna mchawi aliyehitaji kutafutwa. Adui alikuwa inzi aumaye.

Mama Cook naye alianzisha mafunzo ya ukunga kwa wasichana wa Uganda, kwa kuwa akina mama na watoto wachanga wengi walikufa kwa mambo yanayozuilika. Daktari Cook aliandika kitabu cha maneno ya uganga kwa Kiganda, ili daktari na mgonjwa waelewane. Mwaka 1932 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Alipostaafu alibaki Uganda, akafariki mwaka 1951, na amezikwa Namirembe, penye Kanisa Kuu.

Ndugu zangu, baadhi yetu tuna jamaa wanaokwenda katika mapori ya Chunya na Rukwa kurina asali au kuchunga ng'ombe. Mtu akirudi na homa isiyokwisha, na aliumwa na mbung'o, apelekwe hospitali mapema, na jambo la mbung'o litajwe kwa mganga. Siku hizi malale inatibika, lakini ikichelewa hadi kuingia katika ubongo, kazi huwa ngumu. Ndivyo ilivyo pia kwa kifafa, kifua kikuu na malaria: kila kimoja kina chanzo chake na tiba yake.

Tumwombee mgonjwa, tumpeleke apimwe, na tusimtaje jirani. Daktari Cook aliomba, kisha akatazama katika darubini, na katika yote mawili alimtumikia Bwana mmoja.