Makhan Singh na Muda wa Saa Nane

Wenzangu, sisi tuliozaliwa Walukuba twajua kazi ya zamu kabla ya kujua kusoma. Nyumba za mtaa wetu zilijengwa ili wakae wafanya kazi wa Jinja, na mtoto gani hapa hajaambiwa anyamaze mchana kwa kuwa baba ametoka zamu ya usiku, amelala? Siku hizi sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yasema kazi kwa kawaida isizidi saa 48 kwa juma, na baada ya siku 6 mfululizo mtu apate siku ya kupumzika. Nataka kuwaeleza habari za mtu aliyeanza kudai mambo ya namna hii Afrika Mashariki zamani sana.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika Punjab, Bara Hindi. Mwaka 1927 alifika Nairobi kwa baba yake, seremala wa reli ambaye baadaye alikuwa na kiwanda cha kupiga chapa. Alipomaliza masomo aliingia kazini humo. Naona mitambo hiyo ilimfaa kuliko cheo cho chote, maana matangazo ya wafanya kazi aliyachapa mwenyewe, kwa lugha mbalimbali.

Mwaka 1935 alifanywa katibu wa chama cha wafanya kazi. Wengi wa wanachama walikuwa mafundi wa Kihindi, lakini yeye alitaka mlango uwe wazi kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1937 jina la chama likawa la Afrika Mashariki nzima. Dai lao kubwa lilikuwa kazi ya muda wa saa nane kwa siku. (Si saa nane ya mchana!) Waajiri walipokuwa wagumu, mafundi wa Nairobi waligoma mwaka huo wa 1937 kwa siku 62. Hebu fikirini: miezi miwili bila mshahara, na kodi ya nyumba yangoja. Mwishowe waajiri walikubali saa nane, wakaongeza mshahara, na waliogoma wakarudi kazini.

Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanya kazi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, alitaka nchi zetu zipewe uhuru. Katikati ya Mei alikamatwa. Alikaa kizuizini, Lokitaung na kwingineko, mpaka Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11, mbali na mkewe na watoto.

Baada ya uhuru hakupewa cheo kikubwa, jambo ambalo mimi sikulipenda niliposoma habari zake. Yeye alikaa akaandika historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya, iliyotolewa mwaka 1969. Alifariki tarehe 18 Mei 1973. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.