Pestalozzi: Bonde Kwanza, Ramani Baadaye

Jina la Johann Heinrich Pestalozzi hutajwa mara nyingi katika vyuo vya ualimu, lakini hutajwa kwa haraka: kwamba alikuwa Mswisi, kwamba aliwapenda watoto, kisha mhadhara ukaendelea. Sisi tunapenda kuyasimulia maisha yake kwa ajili ya masomo mawili yanayowatatiza walimu wanaoanza kazi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, yaani jiografia na uraia.

Alizaliwa mjini Zürich tarehe 12 Januari 1746. Baba yake, aliyekuwa tabibu, alifariki mwaka 1751. Babu yake alikuwa mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Höngg, na katika kumtembelea huko kijana huyu aliiona hali ya maskini wa mashambani. Mwaka 1769 alimwoa Anna Schulthess, wakaanzisha shamba la Neuhof karibu na Birr. Mwaka 1774 aliwapokea humo watoto maskini ili wasokote nyuzi, wafume na kusoma. Lakini hakuwa hodari wa hesabu za fedha, na kufikia mwaka 1780 madeni yalikuwa yameifunga kazi hiyo. Riwaya yake ya Lienhard na Gertrud, iliyoanza kutolewa mwaka 1781, ndiyo iliyompatia sifa.

Mwezi Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yaliwashambulia wenyeji wa Nidwalden, waliokuwa wameikataa katiba mpya ya Jamhuri ya Helvetia. Watu wengi waliuawa na nyumba zikateketezwa. Serikali ikampeleka Pestalozzi katika mji wa Stans kuwalea mayatima. Tuitazame hali yake: mjumbe wa serikali ile ile iliyolaumiwa kwa maafa, Mprotestanti katika nchi ya Wakatoliki, akisaidiwa na mtumishi mmoja tu wa nyumbani, anakabidhiwa watoto waliofikia kama 80. Angesimama mbele yao kuwahutubia juu ya wajibu wa raia, nani angalimsikiliza? Hakuhutubia. Alikula nao, akalala miongoni mwao, akawauguza walipougua.

Mji wa Altdorf ulipoungua mwaka 1799, aliwakusanya watoto hao akawauliza kama wangekubali kuwapokea mayatima wapatao 20 kutoka huko. Waliitikia kwa furaha. Yeye hakuridhika na furaha hiyo. Aliwataka wafikiri kwanza kwamba chakula kingepungua, kazi ingeongezeka, na pengine wangelazimika kugawana hata nguo zao. Watoto wakashikilia uamuzi wao. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa somo kamili la uraia, na uzito wake ulikuwa katika swali la pili. Mwalimu mwenye pupa angaliishia kwenye shangwe ya kwanza. Mwezi Juni mwaka huo jengo lilichukuliwa kuwa hospitali ya askari wa Ufaransa, na kazi ya Stans ikakoma.

Akahamia Burgdorf, na mwaka 1801 akatoa kitabu juu ya namna Gertrude anavyowafundisha watoto wake. Humo alisisitiza kwamba mtoto akitazame kitu chenyewe kabla ya kupewa maneno yake. Hata hivyo hatuna budi kusema kweli: katika jiografia, kitabu hicho hicho kiliwapa watoto majina ya miji yaliyopangwa kwa alfabeti ili wayakariri. Si ajabu basi kwamba kasoro hiyo ingali nasi katika madarasa yetu, ikiwa hata mwenye mbinu hakuikwepa.

Dawa yake ilipatikana Yverdon, katika kasri alimofungua shule mwaka 1805. Louis Vulliemin, aliyeingia humo akiwa na umri wa miaka 8 na baadaye akawa mwanahistoria, ameacha kumbukumbu za masomo hayo. Watoto waliongozwa hadi kwenye bonde jembamba la kijito cha Buron, si mbali na mji. Walilitazama lote, kisha sehemu moja moja, hata picha yake ikakaa akilini. Halafu wakachimba udongo wa mfinyanzi ukingoni, wakaubeba hadi shuleni, na juu ya meza kubwa wakalifinyanga bonde lile walilolitembea. Kila safari iliongeza kipande kipya. Kazi ya udongo ilipokamilika ndipo walipoonyeshwa ramani, nao wakaisoma kama habari ya mahali wanapopajua.

Carl Ritter, Mjerumani aliyeitembelea Yverdon mwaka 1807, alishuhudia kwamba Pestalozzi mwenyewe alijua jiografia kidogo kuliko mtoto wa shule, na kwamba hata hivyo alijifunza kwake jinsi ya kuiendea elimu hiyo. Ritter huyo ndiye aliyekuja kuwa profesa wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1820.

Miaka ya mwisho ilikuwa michungu. Walimu wake wakubwa, Niederer na Schmid, waligombana hadi mahakamani, na mzee aliyewawezesha mayatima wa Stans kuishi kama ndugu hakuweza kuwapatanisha wasomi wawili. Mwaka 1825 shule ilifungwa, akarudi Neuhof. Alifariki mjini Brugg tarehe 17 Februari 1827, akazikwa Birr, kando ya jengo la shule ya kijiji.