Maisha ya Ibn Sina na Maradhi ya Kupooza

Katika magofu ya Gede liko kaburi lililoandikwa mwaka wake: 802 Hijria, yaani 1399. Siku lilipojengwa, Abu Ali al-Husayn, ajulikanaye kwa jina la Ibn Sina, alikuwa amekwisha kufa miaka zaidi ya 360. Twapenda kuyaeleza maisha yake, kwani elimu aliyoiacha yahitajiwa bado majumbani mwetu.

Alizaliwa Afshana, karibu na Bukhara, mwaka 370 Hijria (980). Alihifadhi Kurani akiwa na miaka kumi. Na alipokuwa bado kijana alimtibu Nuh bin Mansur, Amiri wa Bukhara, akaruhusiwa kusoma katika maktaba yake. Baadaye alihama mji baada ya mji, akawa waziri Hamadhan, akafungwa ngomeni, wala kalamu haikumtoka mkononi. Alifariki Hamadhan mwaka 428 (1037).

Katika Al-Qanun fi al-Tibb alieleza kwamba mishipa ya fahamu hutoka ubongoni, mingine moja kwa moja, mingine kwa kupitia uti wa mgongo, na akaweka kupooza katika maradhi ya mishipa hiyo. Na alipofikia maradhi ya huzuni ya akili, ambayo wengine waliyanasibisha na majini, alisema kuwa kazi ya tabibu ni kuitazama sababu iliyomo mwilini.

Wataalamu wa baada yake ndio waliozibainisha njia zenyewe. Amri ya mwendo hutoka katika gamba la ubongo, ikateremka. Na karibu na shingo nyuzi zake nyingi huvuka upande wa pili, ndipo zishuke ndani ya uti wa mgongo. Hisia nazo hupanda hadi thalamasi, iliyo katikati ya ubongo, kisha hupelekwa kwenye gamba. Kwa hiyo mshipa wa damu ukiziba upande wa kushoto wa ubongo, hupooza mkono na mguu wa kulia.

Basi na tuzingatie. Mtu akiamka mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki na ulimi ni mzito, wako miongoni mwetu wasemao amepigwa na shetani, wakaenda kumtafuta mganga wa kupunga. Saa zapita, na ubongo wafa. Matibabu ya damu iliyoganda hufaa katika saa chache za mwanzo tu. Dua tumwombee mgonjwa wetu, lakini tumwombee tukiwa njiani kwenda hospitali.