Fannie Farmer, mpishi wa Boston aliyesawazisha kikombe

Kila tunaposoma mapishi hewani katika kipindi cha asubuhi, swali la kwanza kuingia kwenye simu ya studio halihusu sukari wala moto. Linahusu kikombe. Juzi tulieleza namna ya kutengeneza nyumbani wafuli za chokoleti, zile keki bapa zenye vishimo vya mraba, kwa kifungua kinywa cha familia. Kabla hatujafika kwenye mayai, ujumbe ulikuwa umeanza kumiminika. Kikombe gani hicho? Cha bati, cha udongo, au bilauri? Kimejaa hadi wapi? Msikilizaji mmoja alitukumbusha kwamba sokoni hata kibaba kina namna mbili, cha mfuto na cha tele, na kwamba muuzaji hutaka kupima cha kwanza huku mnunuzi akitaka kupimiwa cha pili.

Swali hilo lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imebeba jina la mwanamke wa Marekani aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa kuwa dakika tatu za redio hazikutosha kumweleza, tunamweleza hapa.

Fannie Merritt Farmer alizaliwa mjini Boston, jimbo la Massachusetts, tarehe 23 Machi 1857. Alikuwa mkubwa kati ya mabinti wanne wa John Franklin Farmer na Mary Watson Merritt, na alikulia Medford, mji ulio jirani na Boston. Baba alikuwa mchapaji. Nyumba ilikuwa ya watu wanaopenda kusoma, na wazazi walitaka binti yao mkubwa aendelee na masomo hadi chuo, jambo ambalo miaka ile familia nyingi hazikuliwazia mtoto wa kike.

Akiwa na umri wa miaka 16, bado yuko sekondari, alipooza. Wengi walioandika maisha yake wanasema kilikuwa kiharusi. Wengine wanadhani ilikuwa polio. Vyovyote ilivyokuwa, hakuweza kutembea kwa miaka kadhaa, na masomo yakaishia hapo. Alibaki nyumbani akitunzwa na wazazi, katika umri ambao wenzake walikuwa wakimaliza shule, wakiolewa au wakianza kazi. Aliposimama tena alikuwa anachechemea, na aliendelea kuchechemea.

Hapo ndipo jiko linapoingia. Familia ilianza kupokea wapangaji wa kulala na kula, na Fannie akashika upishi. Chakula cha nyumba ile kikapata sifa. Baadaye alifanya kazi ya kusaidia nyumbani kwa familia ya Shaw, na kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu siku zile. Inasemekana binti wa nyumba hiyo, Marcia, alikuwa akijifunza kupika na akamuuliza maelezo ya mapishi yalikuwa na maana gani hasa yalipotaja siagi ya ukubwa wa yai, au kitu cha kufinya kwa vidole. Yai la kuku yupi, na vidole vya nani? Visa vya namna hii hung'arishwa kila vinaposimuliwa upya, na tunakipokea kwa tahadhari. Ila swali lenyewe ni la kweli. Ni lile lile la wasikilizaji wetu.

Bibi Shaw alimhimiza aende kusoma. Boston ilikuwa na shule ya mapishi iliyoanzishwa mwaka 1879 na chama cha wanawake waliotaka elimu kwa wanawake, na shule hiyo ilifundisha upishi pamoja na sayansi ya chakula na usafi. Fannie alijiunga akiwa na miaka 30 hivi. Alihitimu mwaka 1889, akabakizwa kuwa msaidizi wa mkuu wa shule, na miaka michache baadaye akawa mkuu mwenyewe. Mtu aliyeambiwa hawezi kuendelea na shule sasa alikuwa anaongoza shule.

Mwaka 1896 alipeleka kwa wachapishaji Little, Brown and Company wa Boston muswada wa kitabu chenye mapishi zaidi ya 1,800. Wachapishaji hawakuona biashara ndani yake. Walikubali kuchapa nakala 3,000 kwa sharti kwamba gharama alipe mwandishi. Alilipa, na kwa kuwa alilipa, hati miliki na faida vilibaki mikononi mwake. Kitabu kikaanza kuchapishwa tena na tena, kikauzwa mamia ya maelfu katika uhai wake na mamilioni baadaye, na bibi huyo akawa na uwezo wa kifedha ambao wapishi wachache sana wa zama zake waliufikia. Tukiri kwamba tulipofika hapa studio ilishangilia.

Kilichofanya kitabu kile kitofautiane na vingine ni kipimo. Farmer alieleza kwamba kikombe ni kikombe maalumu cha kupimia, kilichochorwa mistari ya robo na theluthi, na kwamba unga huchekechwa kwanza, hutiwa kikombeni kwa kijiko bila kushindiliwa, kisha juu husawazishwa kwa ubapa wa kisu. Kijiko nacho husawazishwa vivyo hivyo. Kwa maneno yetu, kila kipimo chake ni cha mfuto. Vijiko 3 vya chai ni kijiko 1 cha mezani, na vijiko 16 vya mezani ni kikombe 1. Ndiyo maana akaitwa mama wa vipimo sawa. Tungependa kutenda haki hapa: Mary Lincoln, aliyeongoza shule hiyo hiyo kabla yake, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1884 ambacho tayari kilijali vipimo. Farmer hakubuni wazo. Alilishikilia kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kulegeza, na umma ukamfuata yeye.

Huenda mtu akauliza, kuna haja gani? Bibi zetu hukadiria kwa jicho na wali hauwi bokoboko. Ni kweli, kwa sababu bibi alisimama jikoni na mama yake kwa miaka, na jicho lake limefundishwa. Farmer alikuwa anamwandikia asiye na mwalimu kando yake: msichana aliyehamia mjini peke yake, mke mpya aliye mbali na mama yake, mtu aliyelazwa nyumbani akijifunza kwa kusoma. Huyo hana jicho la kukopa. Ana karatasi tu, na karatasi ikisema kadiri, imemwacha njiani.

Na wafuli ndicho chakula kinachomfichua mtu aliyekadiria. Kikombe cha unga uliochekechwa na kusawazishwa kina gramu 120 hivi; kile kile kikichotwa moja kwa moja mfukoni na kugandamizwa huweza kufika gramu 150. Tofauti hiyo kwenye chapati unairekebisha kwa mkono, maana donge unalishika. Kwenye rojo huioni mpaka umefunga chuma, na ukifungua unakuta ndani pamekuwa kama sponji lililolowa na nje pamebanduka vipande.

Kitabu cha mwaka 1896 kina mapishi kadhaa ya wafuli. Zile za kawaida zinatumia unga vikombe 1¾, bekingi pauda vijiko 3 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, maziwa kikombe 1, mayai 2 na siagi iliyoyeyushwa kijiko 1 cha mezani. Viini huchanganywa na maziwa. Ute mweupe hupigwa peke yake mpaka usimame, kisha huingizwa mwisho kwa kukunjwa taratibu, ili hewa iliyomo isitoke. Chuma cha siku zile kilikaa juu ya jiko la kuni au makaa. Alitaka kipashwe upande mmoja, kigeuzwe kipashwe wa pili, na kipakwe mafuta vizuri kabla ya kumimina chochote. Mashine za umeme zilikuwa bado hazijaingia majumbani.

Kakao haimo katika wafuli hizo. Katika kitabu kile utaikuta zaidi kwenye vinywaji na vitu vitamu, na ni katika toleo la mwaka 1906 alipoweka keki ndogo nzito za chokoleti ambazo Wamarekani huziita brownies. Toleo la kwanza lilikuwa na brownies zilizotiwa molasi, bila chokoleti. Kwa hiyo wafuli tulizosoma hewani ni zake kwa msingi, na mabadiliko ni yetu. Tuliondoa robo kikombe ya unga tukaweka robo kikombe ya unga wa kakao usio na sukari, vyote vimechekechwa pamoja. Tuliongeza maziwa robo kikombe, kwa sababu kakao hunyonya maji kuliko ngano. Sukari vijiko 3 vya mezani, siagi vijiko 4 badala ya 1, kwani kakao hukausha mdomo. Zinawatosha watu wanne, kama hakuna kijana wa sekondari mezani. Subiri mvuke uishe ndipo ufungue chuma. Rangi haitakusaidia, maana rojo la kakao ni jeusi tangu mwanzo.

Yeye mwenyewe hakuwa mpishi asiye na kasoro. Alipenda mno sukari na mapambo, na baadhi ya saladi zake zilizogandishwa ndani ya jeli zingewashinda watu wengi leo. Lakini darasani alikuwa na mvuto. Mwaka 1902 aliacha ile shule akafungua yake, Miss Farmer's School of Cookery, iliyolenga zaidi wanawake wa majumbani kuliko kuandaa walimu. Maonyesho yake ya mapishi yalijaza watu, na magazeti yakachapisha alichofundisha. Pamoja na mdogo wake Cora aliandika safu ya mapishi katika jarida la Woman's Home Companion kwa takriban miaka 10.

Ukimuuliza mtu wa Marekani atakutajia kitabu cha mwaka 1896. Farmer mwenyewe alithamini zaidi kingine, alichotoa mwaka 1904, kuhusu chakula cha wagonjwa na wanaopata nafuu. Tunadhani sababu si ngumu kuiona. Alikuwa amelala kitandani miaka kadhaa akiletewa sahani. Alijua mgonjwa asiye na hamu anaangalia nini kwanza, na aliandika kuhusu ukubwa wa mlo, sura yake kwenye sinia, na ladha, pamoja na sura ndefu kuhusu chakula cha wenye kisukari. Insulini ilikuwa bado haijapatikana. Ingeanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922. Kabla ya hapo chakula kilichopimwa ndicho kilichokuwa tegemeo kubwa, na katika nyumba ya mgonjwa kama huyo kijiko kilichorundikwa kilikuwa hatari. Alifundisha wauguzi, na alialikwa kutoa mihadhara katika Shule ya Tiba ya Harvard, mahali ambapo wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kusomea udaktari.

Miguu ilimshinda tena. Miaka yake ya mwisho, saba hivi, aliitumia katika kiti cha magurudumu, na hakuacha kufundisha. Alisukumwa hadi mbele ya darasa akaendelea na somo. Mhadhara wake wa mwisho aliutoa siku 10 kabla ya kufa. Alifariki Boston tarehe 15 Januari 1915, akiwa na miaka 57, na akazikwa katika makaburi ya Mount Auburn, Cambridge.

Mwaka 1919 mfanyabiashara mmoja wa Rochester, New York, alianzisha maduka ya peremende na chokoleti akayapa jina lake, akilibadilisha tahajia kidogo kuwa Fanny Farmer. Yeye hakuhusika nayo kwa lolote. Maduka hayo yalienea, hata watu wengi wakakua wakidhani alikuwa mtengeneza chokoleti. Kitabu nacho kiliendelea kufanyiwa marekebisho na wengine baada yake, kwanza na dada yake Cora, na wafuli hazikutolewa.

Kwa waliouliza: kikombe chake ni mililita 237 hivi. Kama huna cha kupimia, pima vijiko 16 vya mezani vya maji, mimina kwenye bilauri yoyote, na weka alama kwa kalamu pale maji yalipofika.