George Cadbury, bosi aliyetembelea nyumba za wafanyakazi

George Cadbury alizaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1839, katika jamaa ya Kanisa la Marafiki. Mwaka 1861 yeye na kaka yake Richard walipokea kiwanda cha kakao cha baba yao, kikiwa karibu kufilisika. Jumapili asubuhi, kwa miaka mingi sana, George alifundisha watu wazima kusoma, tena aliwafuata hadi nyumbani kwao. Aliuliza, akasikiliza, akaona vyumba vya giza ambamo watoto waliugua. Ndiyo maana, walipokwisha kuhamishia kiwanda Bournville mwaka 1879, alijenga huko nyumba zenye bustani. Mwaka 1900 alizitoa mikononi mwake, akazikabidhi kwa shirika.

Lakini mwaka 1901 kampuni ilisikia kwamba kakao ya São Tomé waliyoinunua ilivunwa na watu waliotolewa Angola kwa nguvu. Kampuni ilichunguza, ikaandika barua, ikangoja; iliacha kununua mwaka 1909 tu. Wakulima wetu wa kakao kule Beni watapima wenyewe urefu wa miaka hiyo minane. George alifariki mwaka 1922.