Siti binti Saad: mtoto wa Mzigua aliyepewa jina la Mtumwa

Ukisimama Pangani mjini, pale penye kivuko cha kwenda Bweni, utauona mto ukimalizikia baharini na mbele yako huoni kitu ila maji. Ng'ambo ya maji hayo ndiko ziliko Unguja na Pemba. Katika karne ya 19 majahazi yalikuwa yakitoka hapa yakiwa na pembe za ndovu, sukari ya miwa iliyolimwa kando ya mto huu, na watu. Watu hao walikuwa wanakwenda kuuzwa, na wengi waliishia kwenye mashamba ya mikarafuu.

Miongoni mwa waliovukishwa bahari kutoka pwani hii walikuwemo Wazigua wengi. Kisa cha Uzigua wazee wa Handeni na Pangani wanakijua: katika miaka ya 1830 mvua zilikatika, njaa ikawa kubwa, na watu wakateremka pwani kutafuta chakula. Wako waliojiweka rehani wenyewe au kuwaweka watoto wao ili wapate nafaka, na wako waliodanganywa kwamba wanapelekwa mahali penye kazi. Wengine walifikishwa Somalia, wakatoroka mabwana zao na kuanzisha vijiji vyao kando ya Mto Juba. Wengine walibaki Unguja.

Ni katika watu wa namna hiyo alimozaliwa mwanamke ambaye sauti yake ilikuja kusikika pwani nzima. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi. Mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Wote wawili walizaliwa Unguja, maana yake ni kwamba waliovuka bahari walikuwa wazee wao. Mtoto alizaliwa mwaka 1880 hivi katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi ya kisiwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Mtumwa binti Saad.

Tusilipite jina hilo haraka. Wakati huo soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limekwisha kufungwa. Sultani Barghash alilifunga mwezi Juni mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na Desemba ya mwaka huo wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya kiwanja kile kile. Lakini kufunga soko si kufuta utumwa. Biashara ilihamia gizani, na kati ya Pangani na Pemba majahazi yaliendelea kupita usiku yakikwepa manowari za Waingereza. Mtoto wa Fumba alikua katika nchi ambayo mtu aliweza bado kuwa mali ya mtu, na katika nchi hiyo aliitwa Mtumwa kila asubuhi alipoamshwa.

Alipokuwa na miaka kama 17, tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Wengi wetu tunadhani siku hiyo minyororo ilikatika na watu wakaondoka. Haikuwa hivyo. Aliyetaka uhuru wake alipaswa kwenda mwenyewe mbele ya mahakama kuuomba, na akionekana hana makazi wala kazi angeweza kuhesabiwa mzururaji. Mwenye shamba alilipwa fidia kwa kumpoteza mtumwa wake. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa kitu. Wengi walibaki pale pale walipokuwa, wakipewa kipande cha kulima kwa sharti la kuendelea kumfanyia kazi bwana. Masuria hawakuguswa kabisa na amri hiyo. Wao walingoja hadi mwaka 1909.

Huko Fumba mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alibeba vyungu na kuvipeleka mjini kuuza. Ni mwendo mrefu kwa miguu, na chungu ni bidhaa ya ajabu kidogo: mtu hanunui chungu kila siku. Muuzaji lazima apite mtaa kwa mtaa akinadi. Binti Saad alinadi kwa kuimba. Watu wa mjini walianza kuijua sauti kabla hawajamjua mwenyewe. Wapo waliotoka mlangoni si kwa sababu wanahitaji chungu, bali wapate kumsikiliza. Shule hakusoma. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya sauti, na kwa maoni yangu ndiyo sababu hata katika santuri za zamani zenye mikwaruzo sauti yake inakufikia kama mtu aliye barabarani, nje ya dirisha lako.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Muhsin Ali, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala na kuimba kwa Kiarabu. Taarabu wakati huo ilikuwa muziki wa wakubwa. Ilikuwa imeingia katika kasri la Sultani Barghash kutoka Misri, ikiimbwa kwa Kiarabu, na kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 kilikuwa cha wanaume watupu. Mwanamke kutoka shamba, mweusi, muuza vyungu, hakuwa na nafasi humo.

Nafasi aliitengeneza mwenyewe pamoja na wenzake. Kundi lake lilikuwa na watu kama Mbaruk Effandi Talsam aliyepiga udi, Budda bin Mwendo, Subeti Ambar na Mwalimu Shaaban. Waliimba kwa Kiswahili. Walialikwa majumba ya matajiri na hata kwa sultani, lakini kwao hasa palikuwa Ng'ambo, upande wa mji walikojenga maskini na watu waliotoka utumwani, wengi wao wakiwa wametokea bara: Wanyamwezi, Wazaramo, Wayao, Wamanyema, na Wazigua.

Ni mjini alikopata jina lingine. Watu waliacha kumwita Mtumwa wakamwita Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi, mwanamke wa heshima. Jina hilo halikuandikwa na mahakama wala halikutolewa kwa amri ya sultani. Lilitolewa na watu waliokuwa wakimsikiliza, likamganda.

Miaka hiyo watu wengi wa Ng'ambo walikuwa wakifanya jambo kama hilo kwa njia zao. Mtumwa alikuwa amezoeleshwa kuvaa kaniki au shuka nyeupe isiyo na nakshi, na kwenda pekupeku. Baada ya 1897 wanawake walinunua kanga za rangi, kisha wakavaa buibui. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Ukipita mtaani hukuweza tena kujua kwa macho nani babu yake alinunuliwa na nani hakununuliwa. Nguo ilikuwa shahada ya uhuru, tena ya kujinunulia.

Si wote walifurahi. Waimbaji washindani walimtungia Siti mafumbo ya kumkumbusha shamba, kaniki na vyungu, na wengine waliucheka uso wake. Akajibu kwa wimbo, kama ilivyo ada ya taarabu, kwamba uzuri wa sura si kitu kama mtu hana akili. Hakukana kwamba alitoka alikotoka. Kwa wanaojua jinsi neno la asili linavyoweza kumuumiza mtu katika miji yetu ya pwani hata leo, hasa zinapokuja habari za posa na ndoa, huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Mwezi Machi mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV ilimpeleka Bombay, India, na wenzake kurekodi. Huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliingia kwenye santuri. Santuri zilinunuliwa kwa maelfu, kampuni iliwaita tena, na makampuni mengine yakaja nyuma yake kutafuta waimbaji wa pwani. Gramafoni ilikuwa kitu cha gharama, lakini haikuhitaji kila mtu awe nayo. Mwenye mkahawa mmoja tu akiwa na mashine, mtaa mzima unasikiliza. Mtu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam aliweza kunywa kahawa yake jioni akisikia lugha yake mwenyewe ikitoka ndani ya sanduku, ikiimbwa na mwanamke wa asili kama ya kwake. Kabla ya hapo santuri alizozisikia nyingi zilikuwa za Kiarabu na za Kihindi.

Alichokiimba hakikuwa mapenzi peke yake. Ulio mashuhuri kuliko zote ni wimbo wa Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea, akachukuliwa na mtu huyo kwenda shamba kwenye sherehe, huko akamwingilia kwa nguvu na kumuua, na marehemu alikuwa mjamzito. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara. Kesi ilipofika mahakamani, wanawake wawili waliokuwa naye siku hiyo na waliokuja kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Siti aliitaja habari hiyo kwa majina, mbele ya watu, wakati mahakama hizo zilikuwa za serikali ya Waingereza na sultani. Maskini wasiojua kusoma walikuwa hawana gazeti la kuandika malalamiko yao. Walikuwa na wimbo huo.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na miaka kama 70.

Hapa habari inarudi Tanga. Mtu aliyekaa na kuandika maisha yake alikuwa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, nje kidogo ya mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, na aliwahi kufanya kazi hiyo Pangani, bandari ile ile tuliyoanza nayo. Alionana na Siti kabla hajafariki, na kitabu chake, Wasifu wa Siti binti Saad, kilichapishwa mwaka 1958. Siku hizo vitabu vya maisha ya watu viliandikwa juu ya masultani, magavana na maaskofu. Shaaban Robert aliona muuza vyungu anastahili.

Angalia pia mwaka aliozaliwa mwandishi huyo. Upande wa bara Wajerumani hawakuufuta utumwa. Waliagiza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria iliyoukomesha Tanganyika ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza, miaka 25 baada ya Unguja. Shaaban Robert alikuwa kijana wa miaka 13. Kwa maneno mengine, watu waliokuwa watumwa kisheria hapa Tanga alikuwa akipishana nao njiani. Mwaka 1922 hautajwi sana tunapoadhimisha historia yetu, na nadhani ungestahili kutajwa zaidi.

Kumbukumbu zinazofahamika zaidi ziko ng'ambo. Pale Mkunazini, ubavuni mwa kanisa, kuna shimo la saruji lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Wageni wa kila nchi husimama hapo. Mwaka huo huo wa 1998 ndipo siku iliyotengwa na UNESCO kukumbuka biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake, tarehe 23 Agosti, ilianza kuadhimishwa, kwanza Haiti, ambako usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Agosti 1791 watumwa walianza uasi wao. Sanamu za Mkunazini ni kazi nzuri na zinauma. Ila anayezitazama anamwona mtu akiwa amefungwa tu. Hamwoni alipofunguliwa alikwenda wapi.

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilichagua njia nyingine. Jarida lake kiliita Sauti ya Siti, na kurasa zake zikaandika habari za wanawake waliopigwa, waliobakwa na walionyimwa haki. Ukikumbuka wimbo wa Kijiti utaona jina hilo halikuokotwa tu. Huko Unguja, Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo za Siti tangu ujana, aliendelea kuziimba jukwaani karibu hadi alipofariki mwaka 2013. Na hapa kwetu taarabu ya Kiswahili aliyoifungulia njia ilipata makao ya pili: Tanga ilitoa Black Star na Lucky Star, na ilikuwa katika vikundi hivyo alikojulikana Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani.

Kuna na jambo moja la ndugu za mama yake. Wale Wazigua wa Mto Juba walikihifadhi Kizigua kwa zaidi ya miaka 150 ndani ya Somalia. Vita vilipozuka huko katika miaka ya 1990, baadhi yao walikimbia, wakafika pwani ya Tanga, na lugha waliyoongea ilieleweka na wenyeji. Serikali iliwapa ardhi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia wa Tanzania. Watoto wao wanasoma shule za huko, na kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa imeandikwa Handeni.