Enoch Sontonga: Mwalimu wa kwaya aliyetungia bara wimbo

KATIKA makanisa na shule za Masinga, Machakos, kama kwingineko nchini Kenya, kwaya nyingi hujifunza nyimbo kwa do, re, mi, kisha waimbaji wakagawanywa katika sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Mfumo huo, ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, uliletwa Afrika na wamishonari. Ni katika malezi hayo ya muziki alimokulia Enoch Mankayi Sontonga, mwalimu ambaye wimbo wake ungekuja kuimbwa na mataifa.

Sontonga alizaliwa yapata mwaka wa 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa pia mpiga picha na kiongozi wa kwaya, na alimwoa Diana Mgqibisa.

Enzi hiyo muziki wa Ulaya ulikuwa katika kipindi cha Kimapenzi, jina ambalo halihusu mahaba. Lilihusu hisia nzito na uchungu wa nchi. Frédéric Chopin, aliyefariki Paris mwaka wa 1849, alikuwa amezichukua mazurka na polonezi, ngoma za kwao Poland, akazipandisha hadhi kwa piano huku nchi yake ikitawaliwa na wageni. Mwaka wa 1899, Jean Sibelius alitunga Finlandia, shairi la okestra, wakati Wafini wakiwa chini ya Urusi.

Sontonga hakuwa na okestra. Mwaka wa 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika, sala fupi kwa lugha ya Kixhosa, yenye muundo wa wimbo wa kanisa wa sauti nne. Mwaka wa 1899, mwaka ule ule wa Finlandia, wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumtawaza mchungaji.

Hakuishi kuona matunda yake. Alifariki Aprili 18, 1905, akiwa na umri wa takriban miaka 32, akazikwa Johannesburg bila shamrashamra.

Kwaya ya Ohlange, shule iliyoanzishwa na John Dube, iliuchukua wimbo na kuueneza. Januari 8, 1912, uliimbwa katika mkutano ulioasisi chama kilichokuja kuitwa ANC. Sol Plaatje aliurekodi London mwaka wa 1923, na mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba. Watawala wa ubaguzi wa rangi walipotawala, sala ya mwalimu ikawa wimbo wa wapigania uhuru.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, iliichagua sauti hiyo kwa maneno ya Kiswahili, Mungu Ibariki Afrika. Zambia ilifuata mwaka wa 1964. Zimbabwe nayo iliutumia kuanzia 1980 hadi 1994.

Kenya ilishika njia nyingine mwaka wa 1963. Watunzi wake walichukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, kutoka nyanda za chini za Mto Tana, mto ule ule unaojaza bwawa la Masinga, wakaupanga upya uwe wimbo wa taifa. Ndivyo Chopin alivyozifanyia ngoma za Poland: kilichokuwa cha nyumbani kikawa cha taifa.

Kwao Sontonga, heshima ilichelewa. Watafiti walipolitafuta kaburi lake hawakuliona, kwa kuwa kumbukumbu za makaburi ya Braamfontein zilimwandika kwa jina la Enoch pekee. Lilipopatikana, Rais Nelson Mandela alilizindua kuwa mnara wa kitaifa Septemba 24, 1996. Mwaka uliofuata, sehemu ya wimbo huo iliunganishwa na ya ule wa utawala wa zamani, ukawa wimbo mmoja wa taifa la Afrika Kusini.

Ilichukua miaka 91 kwa mwalimu huyo kupewa kaburi lenye jina lake kamili. Kwa muda huo wote, wimbo wake ulikuwa vinywani mwa mamilioni ambao wengi wao hawakujua ni nani aliyeutunga.